KABATI LA VITABU: Mlima Mmoja, Vitabu Vinne

Karani mmoja wa upande wa Nyeri ameniletea barua yenye mashtaka ya nyumbani. Asema kwamba alirudi kwao mwisho wa mwezi akiwa na kitabu kilichoandikwa juu ya Mlima Kenya. Baba yake, ambaye ni mkulima wa kahawa, alimwuliza bei yake, akakishika mkononi, akakigeuza mbele na nyuma, kisha akamwambia: "Mwanangu, mlima huu mimi nauona kila asubuhi nikienda kukama ng'ombe, wala sijapata kulipa hata senti moja." Karani ataka nimfundishe namna ya kumjibu mzee wake pasipo kumkosea adabu.

Swali hili ni kubwa kuliko karani mwenyewe adhanivyo. Mzee hakusema kwamba vitabu ni vibaya, wala hakumkataza mwanawe kusoma. Neno lake ni kwamba kitabu cha mambo ya kweli hakina faida kwa mtu mwenye macho yake. Hekaya na mashairi ni jambo jingine, maana yale hayapatikani kwa kutazama nje ya dirisha. Lakini mlima upo, na aliye chini yake aujua. Nilikaa na maneno hayo siku tatu, na siku ya nne nilifungua kabati langu nikatoa vitabu vinne vilivyoandikwa juu ya mlima uo huo mmoja. Cha kwanza ni cha safari, cha pili chaweza kuitwa cha historia, cha tatu ni cha mchezo, na cha nne ni cha fikira. Waandishi wote wanne walidai kusema kweli, nami nawaamini kwa sehemu kubwa. Hata hivyo mtu angevisoma bila kutajiwa jina la mahali, angedhani pana milima minne.

Nianze na kile cha safari, kilicho kikongwe kupita vyote. Dr. Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kukaa Mombasa, na ndiye aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili iliyopigwa chapa mwaka 1882 baada ya kufa kwake. Alifika pwani mwaka 1844, na katika mwaka ule ule akawazika mke wake na mtoto wake mchanga. Kitabu chake cha safari kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1860. Humo aeleza kwamba tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, nchi ya Wakamba, mawingu yalifunguka akaona mbali sana vilele viwili kama pembe, na weupe juu yake.

Jambo linalonipendeza katika kitabu hicho si kuona kwake, maana aliona kwa muda mfupi tu na kwa mbali. Linalonipendeza ni watu waliokwisha kumwambia habari kabla hajaona. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyi biashara mkubwa wa Kikamba, ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka hadi pwani. Kivoi ndiye aliyemwambia kwamba uko mlima huo wenye kichwa cheupe. Tena mtu mmoja wa Embu alimpa habari iliyo bora zaidi: kwamba yeye amefika karibu na mlima mara nyingi, lakini hakupanda juu kwa sababu ya baridi kali, na kwamba kitu cheupe hubiringika kutoka juu kikishuka kwa kishindo kikubwa. Angalia, ndugu msomaji: mtu huyo hakuwa na neno la theluji, wala hakusoma shule yoyote, lakini alieleza maporomoko ya barafu kwa usahihi kabisa.

Basi habari hizo zilipofika London zilipokewaje? Alikuwako bwana mmoja mtaalamu, William Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi yetu. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mwenziwe Krapf, alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro, na Cooley alikwisha kumkanusha. Krapf naye akakanushwa vile vile. Bwana yule aliamini vitabu alivyokuwa navyo mezani, na katika vitabu hivyo haikuwezekana barafu kukaa chini ya jua la ikweta. Mzee wa Nyeri angecheka sana kusikia hayo, na ningecheka pamoja naye. Katika ugomvi ule mwenye macho ndiye aliyekuwa na haki, na mwenye maktaba ndiye aliyepotea.

Krapf alirudi Ukambani mwaka 1851, na safari hiyo ilikuwa mbaya. Karibu na mto Tana walivamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini akishikwa na njaa na kiu. Alipofika mtoni hakuwa na chombo, akatia maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Kurasa hizo nimezisoma mara nyingi. Mwandishi hajisifu hata kidogo. Aandika kama mtu anayehesabu hasara yake.

Kitabu cha pili ni cha Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford, aliyefika kileleni kabisa, mahali paitwapo Batian, mita 5,199 juu ya bahari, tarehe 13 Septemba 1899. Pamoja naye walikuwa waongozi wawili wa milimani kutoka Italia, César Ollier na Joseph Brocherel. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka ule ule, naye akapanda gari la moshi mpaka hapo, kisha akaendelea kwa miguu na Wazungu wenziwe watano na Waafrika zaidi ya 160, Waswahili na Wakikuyu wengi wao. Yeye ndiye aliyevipa vilele vile majina ya Batian, Nelion na Lenana, majina ya wakuu wa Kimasai. Hata leo naona ni ajabu kidogo: Mwingereza aja juu ya mlima ambao Wakikuyu, Waembu na Wameru wauishi chini yake, naye auita kwa majina ya Wamasai!

Lakini neno kubwa la kitabu hiki ni kuchelewa kwake. Mackinder alitoa hotuba na makala mwaka 1900, akaandika pia kitabu kizima, kisha akakiweka. Alikufa mwaka 1947 kitabu kikiwa bado karatasi, na hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1991. Kwa nini mtu aliyefanya jambo la kumletea sifa akae na habari zake karibu miaka hamsini? Mwaka 1899 nchi ilikuwa katika njaa kuu, na ndui ilikuwa ikiwaua watu, hata chakula cha msafara mkubwa namna ile hakikupatikana kwa urahisi. Watu wawili wa msafara waliotumwa kutafuta chakula waliuawa na wenyeji. Tena katika karatasi zake imekutwa orodha ya wapagazi, na mbele ya majina manane pameandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wataalamu wameshindana juu ya maandishi hayo, kama ni kweli na kama ndiyo sababu ya kitabu kufichwa. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Najua tu kwamba nilipokisoma kitabu chenyewe, chenye vipimo vya barafu na majina ya maua, nilikuwa nikiwatafuta watu wale wanane katika kila ukurasa. Katika wapagazi wote waliobeba mahema, kamba na vyakula hadi chini ya barafu, hakuna hata mmoja aliyetuachia kitabu. Laiti angalau mmoja wao angeandika kurasa kumi!

Sasa nafika kwenye kitabu cha mchezo, na hapa naomba ruhusa kukaa kidogo, kwa kuwa nilikisoma usiku mbili mfululizo mpaka mafuta ya taa yakaisha. Chaitwa "No Picnic on Mount Kenya", na mwandishi wake ni Felice Benuzzi, Mwitalia. Kabla ya vita alikuwa mtumishi wa serikali yake katika Uhabeshi. Waingereza walipoiteka nchi ile mwaka 1941 alishikwa, akaletwa Kenya, na mwishowe akatiwa katika kambi nambari 354 ya mateka wa vita huko Nanyuki. Asema kwamba adui mkubwa kambini hakuwa askari wala njaa, bali siku zenyewe. Mtu huamka, hutazama seng'enge, hulala. Hana kazi, hana deni, hana miadi. Siku moja asubuhi, baada ya mvua za muda mrefu, mawingu yakapasuka naye akauona mlima. Tangu saa ile akapata kazi.

Alipata wenzi wawili: Giovanni Balletto, daktari aliyekuwa mpanda milima, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakujua kupanda mlima wowote lakini alikuwa mtu wa moyo. Wakatengeneza vyombo kwa siri miezi mingi. Mashoka ya barafu waliyafanya kwa nyundo. Vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu waliviunda kwa mabati na vipande vya chuma vilivyotupwa. Kamba walizitoa katika nyavu za katani za vitanda vyao. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo kutoka katika posho yao. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa juu ya kopo la nyama, na picha hiyo, kwa bahati mbaya, ilionyesha upande mwingine, si ule waliokusudia kuupanda. Ufunguo wa mlango wa kwenda kwenye bustani za mboga waliupata kwa kukandamiza ule wa askari katika lami laini na kuchonga wa namna yake.

Wakatoroka mwezi Januari 1943. Msomaji atauliza, wakatorokea wapi? Hawakuwa na pa kwenda, maana nchi zote za jirani zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Waliacha barua kambini kusema kwamba watarudi. Walipita msituni usiku na mchana, wakiogopa vifaru na ndovu kuliko walivyoogopa askari. Barsotti aliugua akabaki kambi ya juu. Wale wawili walijaribu Batian kwa upande wa kaskazini magharibi, upande mgumu kabisa, wakashindwa kwa theluji na kwa njaa. Kisha wakapanda Lenana, mita 4,985, wakasimamisha bendera ya Italia, wakashuka na kurudi kambini kwa miguu yao wenyewe, wakiwa wamekonda kama fito. Safari yote ilikuwa siku 18. Mkuu wa kambi aliwahukumu siku 28 za kufungwa peke yao, lakini aliwatoa baada ya siku saba, kwa kuwa aliona tendo lao ni la kimichezo.

Wako watakaosema huo ni upuzi wa watu walioshiba. Hawakushiba, wala mimi sioni ni upuzi. Mkulima aliyelala miezi miwili kwa ugonjwa, akitazama shamba lake likiota magugu, atamfahamu Benuzzi vizuri. Mchezo kwake haukuwa kushinda mtu. Ulikuwa njia ya kujirudishia siku zake mwenyewe, achague saa ya kuamka na jiwe la kukanyaga. Tena aandika kwa mzaha, na mzaha wake mwingi ni juu yake mwenyewe. Aibu moja nayaona katika kitabu: watu wa nchi hii karibu hawamo. Mlima wake ni wa wanyama, miamba na Waitalia watatu. Sababu yaweza kuelezwa, maana watoro hujificha na watu. Lakini pengo lipo.

Kitabu hicho kilitoka kwa Kitaliano mwaka 1947 na kwa Kiingereza mwaka 1952. Katika mwaka huo huo wa 1952, mwezi wa Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na msitu ule walioupita Waitalia ukawa maficho ya watu wenye safari nyingine kabisa. Na bendera ya pili ya kukumbukwa pale Lenana ilipandishwa na Kisoi Munyao, usiku wa Uhuru wa Desemba 1963.

Aliyekamatwa katika Oktoba ile ya 1952 ndiye mwandishi wa kitabu changu cha nne. Jomo Kenyatta aliandika "Facing Mount Kenya" akiwa mwanafunzi London, nacho kilitoka mwaka 1938 pamoja na maneno ya utangulizi ya mwalimu wake, Bronislaw Malinowski. Shule yao ya elimu ya uchumi na siasa ndiyo ile ile ambayo Mackinder alikuwa mkuu wake tangu 1903 hata 1908. Yaani mpandaji na yule aliyeutazama mlima kwa heshima kutoka chini walipita katika malango mamoja.

Katika kitabu hiki hakuna mtu apandaye mlima. Mlima ni Kirinyaga, makao ya Ngai, nao wazee huuelekea wanapoomba. Mengi ya kitabu yahusu nyumba, ndoa, malezi, rika na ibada. Lakini sura ambayo kila mkulima angepaswa kuisoma ni ile ya ardhi. Wazungu wengi wa siku zile walisema ardhi ya Wakikuyu ilikuwa ya kabila zima, yaani si ya mtu, na kitu kisicho cha mtu ni rahisi kuchukuliwa. Kenyatta aeleza taratibu kwamba sivyo: githaka kilikuwa na mwenyewe, mwanzo wake ulijulikana, mipaka yake ilijulikana, na mtu aliyepewa ruhusa ya kulima juu yake hakugeuka kuwa mwenye nacho. Ndani yake mna pia kisa cha ndovu aliyeomba kuingiza mkonga tu katika kibanda cha mtu wakati wa mvua, hata mwisho mwenye nyumba akawa nje, na tume ya wanyama ikaitwa kuamua, wote wakiwa upande wa ndovu. Kisa hicho kina mwisho wa moto.

Yafaa niseme pia nisiyoyapenda. Kenyatta aandika kama wakili. Maisha ya zamani katika kitabu chake yamenyoshwa kama shuka iliyopigwa pasi. Wivu, njaa, na mtu mwenye nguvu kumdhulumu mnyonge havionekani sana, na tohara ya wasichana aitetea kwa maneno ambayo wengi wetu leo hatuwezi kuyakubali. Lakini wakili mzuri husomwa kwa faida, maadamu msomaji akumbuke kwamba yuko mahakamani.

Sasa namrudia karani wetu. Usimwambie baba yako kwamba kitabu chaujua mlima kuliko yeye, kwa kuwa si kweli. Cooley alisema hivyo akaaibika. Mwambie kwamba mlima aliouona Krapf mwaka 1849 yeye hawezi kuuona leo, maana barafu yake imepungua sana, na sehemu kubwa ya mito ya barafu aliyoipima Mackinder imekwisha yeyuka. Mwulize alipokuwa mtoto weupe ulishuka hadi wapi, na mto wa karibu nanyi ulikuwa na maji kiasi gani katika mwezi wa Februari. Kama baba yake au babu yake alipata kubeba mzigo wa mzungu kwenda juu, mwulize alilipwa nini, na nani hakurudi.

Kisha usimwanzie na Benuzzi, ingawa mimi ndicho nikipendacho. Mtafutie cha Kenyatta. Kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1966 kwa jina la "Naushangilia Mlima wa Kenya". Msomee sura ya ardhi jioni, baada ya chakula, pole pole. Kaa na kalamu karibu. Nina hakika atakukatiza kabla hujamaliza ukurasa wa pili, akisema, "Hapo mwandishi amekosea." Usibishane naye. Andika asemalo, na tarehe, na jina la shamba analolitaja, kisha uniletee. Nafasi katika safu hii nitaitafuta.

Juma lijalo tutazungumza juu ya vitabu vya ufugaji wa nyuki.